Usiku wa Saa Sita Mchana

Harrie Couwenberg hakuwa na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Vilibaki kwenye mashine ya kufumia sufu mwaka uleule kiwanda kilipofungwa. Hakuwa na mke. Hakuwa na leseni ya gari, wala breki ya mbele kwenye baiskeli yake. Hakuwa na pua ya kunusia, kwa sababu miaka kumi na tisa katika chumba cha kutilia rangi ilikuwa imemuulia harufu zote, nzuri na mbaya. Hakuwa na mtu wa kumwuliza atarudi saa ngapi. Na hakuwa na jibu la kumpa Tinus Schellekens isipokuwa ndiyo.

Tinus alikuwa na duka la rangi za nyumba kwenye kona ya mtaa, hapo Tilburg, Uholanzi, na ndiye aliyepiga ngoma kubwa katika bendi ya kanivali. Alikuja Jumatatu moja ya Oktoba na wanaume wawili na mbao, akapanda ngazi hadi darini, akatazama, akashuka.

"Mzee wangu, wewe huna pua na nyumba yako ina dari ndefu," alisema. "Mungu alikuumba akinifikiria mimi."

Mmoja wa wale wanaume alikuwa ameshika nyundo, naye aliipigapiga mezani polepole, karibu na mkono wa Harrie wenye vidole vitatu. Harrie akasema ndiyo. Kufikia Alhamisi kulikuwa na miche themanini na minne ya bangi darini, kuta zimefunikwa nailoni nyeusi kwa nje na nyeupe kwa ndani, na taa sita zimening'inizwa kwa mabomba ya chuma.

Miche ilipokua na kufika wakati wa kutoa maua, saa ilifungwa kwenye swichi. Taa ziliwaka saa mbili usiku na kuzimika saa mbili asubuhi, maana usiku wa baridi huficha joto la nyumba. Hivyo mimea ililala mchana. Bangi ya kike haitoi maua bila giza la saa kumi na mbili kamili, na giza hilo halitaki mzaha. Nuru ya tundu la ufunguo inatosha kuivuruga. Lakini mtu hana budi kupanda kuitazama gizani, kwa sababu taa zikizimika unyevu hujikusanya, na unyevu huleta kuvu, na kuvu huozesha maua kuanzia ndani. Kwa hiyo mlinzi hupanda na taa ya kijani kwenye paji la uso. Nuru ya kijani mmea hauihesabu.

Mlinzi wa kwanza alikuwa Bert Mutsaers, kijana wa miaka ishirini na saba, mtoto wa pekee wa Riet Mutsaers wa nyumba ya tatu kutoka kwa Harrie. Januari taa yake ya kijani iliharibika. Aliogopa kumwambia Tinus, akatumia mwanga wa simu yake kwa siku nane. Mimea ikashtuka. Mmea wa kike ukishtushwa katika usiku wake hujigeuza nusu dume, ukajizalisha wenyewe na kutia mbegu, na ua lenye mbegu halina mnunuzi.

Jumamosi ya kanivali, sikukuu ya mavazi ya mzaha, mwezi wa Februari, Tinus alipasua ua moja kwa ukucha wa kidole gumba akakuta mbegu. Akapasua la pili akakuta mbegu. Harrie alikuwa jikoni chini akimenya viazi, vingine tayari motoni. Alisikia Bert akisema samahani. Kisha alisikia bomba la chuma. Kwenye pigo la nne aliongeza sauti ya redio, iliyokuwa ikitangaza mashindano ya kuteleza kwenye barafu. Hata hivyo aliendelea kuhesabu, akafika kumi na moja.

Tinus alishuka, akanawa kwenye sinki la Harrie, akajifuta kwa kitambaa cha jikoni.

"Viazi vyako vinaungua," alisema.

Walimvika Bert shati la bluu la wakulima na leso nyekundu shingoni, wakampaka rangi mashavuni, wakamtoa nje wima, mikono yake juu ya mabega ya wale wanaume wawili. Mtaa ulikuwa umejaa watu waliovaa kama maaskofu na kuku. Watu wakamshangilia. Mwanamke mwenye manyoya ya kuku alimbusu shavuni, na mtu mmoja alimmiminia bia kinywani, ikatoka tena. Sajenti wa polisi wa mtaa, aliyekuwa akipuliza tuba katika bendi, aliinua tuba yake kumsalimu. Hivyo ndivyo Bert alivyovuka mji wote mchana kweupe.

Bomba lilirudishwa mahali pake, kwa kuwa ndilo lililoshikilia taa ya tatu. Miche mipya iliingizwa. Na kazi ya kulinda giza akapewa Harrie, ambaye tayari alikuwa humo ndani.

Siku moja, maua ya miche hiyo yalipokwisha kutoka, mwezi wa Machi, Harrie alipanda saa sita mchana na taa yake ya kijani, akamkuta Bert ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Wafu hutembea saa sita usiku, na saa sita usiku ya chumba kile ilikuwa saa sita mchana.

"Funga mlango upesi, Mjomba Harrie," Bert alisema. "Unaingiza nuru."

Harrie akafunga. Vijana wote wa mtaa walimwita mjomba.

"Umekuja kukaa?" aliuliza.

"Mpaka saa nane hivi. Mstari wa nyuma, mmea wa tano, angalia ndani ya ua la juu. Kuna kuvu."

Harrie aliangalia. Kuvu ilikuwapo, ndogo kama ukucha wa mtoto. Akaikata na kuitia mfukoni.

Baada ya hapo Bert alikuja kila siku. Majeraha yake kumi na moja yalikuwa mabichi, na chini ya taa ya kijani damu ilionekana nyeusi kama lami. Ilimdondoka kutoka sikioni. Harrie alileta beseni la kuoshea viazi akaliweka chini ya kidevu chake. Saa mbili usiku, taa zilipowaka, beseni lilikuwa kavu daima. Walizungumza habari za mpira na za majirani. Bert alikuwa mlinzi mzuri sasa kuliko alipokuwa hai, kwa sababu hakuhitaji taa yoyote.

Alikuja na baridi pia. Kipimajoto kilishuka nyuzi nne akiwapo na kupanda akiondoka. Usiku wenye baridi hugeuza maua ya bangi kuwa ya zambarau, na maua ya zambarau hupendwa sana. Tinus alipoyaona alimpiga Harrie begani kwa furaha.

"Mzee wangu, una mkono wa bustani! Watauliza maua haya yametoka wapi mpaka Antwerp."

Ni katika ziara hiyohiyo Tinus alimkuta Bert kwenye ndoo. Hakushtuka. Alimtazama kama mtu anavyotazama zulia linalohitaji kukung'utwa.

"Wewe hujachoka tu?" alimwuliza.

Akachomoa bomba, taa ya tatu ikabaki ikining'inia kwa mnyororo mmoja, akampiga. Bert akasema samahani, kama mara ya kwanza. Tinus alipomaliza alirudisha bomba, akainyoosha taa, akashuka kwenda dukani. Tangu hapo alifanya hivyo kila alipomkuta, wakati mwingine mara mbili tu, akiwa na haraka.

Harrie alitakiwa kuandika joto na unyevu katika daftari kila baada ya saa mbili. Kalamu ilitoka dukani kwa Tinus, zile kalamu nene za rangi nne alizowagawia wateja mwaka mpya. Siku moja mwezi wa Aprili Harrie alibonyeza kitufe bila kutazama. Tinus alipanda saa tisa mchana, akafungua daftari chini ya taa ya kijani, akaona ukurasa mtupu.

"Siku nzima hujaandika kitu?"

"Nimeandika."

"Unaniona mimi kipofu, babu?"

Akaushika mkono wa kushoto wa Harrie, akauweka kwenye fremu ya mlango wa dari, akaukanyaga mlango. Kidole cha kati kilivunjika kwa sauti ya tawi kavu. Baada ya Tinus kuondoka, Harrie alishuka jikoni akafunga kidole kwenye kijiko cha mbao, na hapo mezani, kwa mwanga wa dirisha, akaona tarakimu zake zote zimejaa ukurasani, safi, kwa wino wa kijani. Juu kule, chini ya taa ya kijani, karatasi nyeupe na wino wa kijani vilikuwa kitu kimoja. Wino mweusi, wa bluu na mwekundu ulionekana. Wa kijani haukuwapo kabisa. Hakwenda kumwambia Tinus. Kidole kilikwisha kuvunjika. Alimwambia Bert tu, kesho yake, na Bert alicheka mpaka beseni likamwagika.

Riet Mutsaers alikuja kila Ijumaa na mikate miwili ya soseji ndani ya kitambaa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Aliketi jikoni kwa Harrie, moja kwa moja chini ya mahali mwanawe alipokuwa ameketi, akakoroga kahawa asiyoinywa.

"Nimepata kadi nyingine ya Uhispania, eti ya Bert," alisema Ijumaa moja. "Imepigwa chapa. 'Mama yangu mpendwa.' Tangu lini mwanangu akaniita mama yangu mpendwa? Bert huniita bibi kizee, na hakuna siku amewahi kutumia mashine. Ana mwandiko kama kuku aliyekanyaga wino, lakini ni wake."

"Vijana hubadilika wakiwa mbali, jirani," alisema Harrie.

"Kidole hicho umefanya nini?"

"Mlango."

"Mlango," Riet alirudia, akamtazama sana. "Nimekwenda polisi mara tatu. Sajenti ananiambia, 'Mama, kijana wa miaka ishirini na saba ana haki ya kuota jua.' Basi, Sikukuu ya Mfalme bendi itapita hapa. Nitasimama katikati ya barabara na picha ya Bert, mbele ya ngoma kubwa. Wapite juu yangu."

"Usifanye hivyo."

"Kwa nini nisifanye, Harrie?"

Harrie akamsogezea sahani. Riet akala kipande cha mkate alioleta mwenyewe. "Sitaki kugombana na mtu," alisema. "Kama yu hai, aniandikie. Kama amekufa, nataka kumzika mahali ninapoweza kwenda kwa baiskeli. Hayo mawili tu."

Aliyasema hayohayo kwa mwoka mikate na kwa mwanamke wa duka la maua, na kufikia Jumanne yalikuwa yamemfikia Tinus.

"Ninyi mliosoma shule ya usiku mna mwandiko," Tinus alimwambia Harrie. "Mwandikie yule bibi barua kwa mkono wa mwanawe. Aamini. Asipoamini nitakwenda kuzungumza naye mimi mwenyewe." Alitazama juu, kuelekea taa ya tatu. "Kesho saa nane nakuja kuisoma."

Usiku ule Harrie alijaribu mara tisa, akachoma karatasi zote tisa kwenye jiko. Mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyejifunza kuandika akiwa na miaka thelathini, kila herufi imesimama wima kama askari. Kuku hakuwamo.

Kesho yake saa sita mchana alipanda na karatasi, bahasha na kalamu ya rangi nne, akamweleza Bert jambo lenyewe. Alilieleza lote, pamoja na bomba.

Damu ya Bert ikadondoka ndani ya beseni.

"Bibi kizee atasimama kweli mbele ya ngoma," alisema. "Namjua. Lete kalamu."

Akaweka karatasi gotini akaandika. Harrie aliendelea na kazi yake: alipima unyevu, akageuza majani, akasikiliza feni. Nyuma yake kalamu ilikuwa ikilia, kitufe baada ya kitufe. Bert aliandika kwa muda mrefu kuliko urefu wa barua iliyotoka. Alipoipokea, Harrie aliisoma chini ya taa yake.

*Bibi kizee, mimi ni mzima. Nachuma machungwa, mgongo unauma, jua ni zuri. Simu niliiangusha baharini. Usisimame barabarani kama mwendawazimu. Barua hii nampa dereva wa lori aitie posta akifika Tilburg. Mpe paka samaki siku ya Ijumaa. Bert.*

"Mbona umeacha nafasi kubwa hivi kati ya mistari?" Harrie aliuliza.

"Macho ya mama si mazuri, Mjomba."

Saa nane Tinus alipanda, akafunga mlango wa dari haraka nyuma yake, kwa kuwa kanuni ya giza alikuwa ameiweka yeye. Alimwona Bert, akamwona Harrie, akanyoosha mkono apewe barua.

"Ameandika nani?"

"Yeye," alisema Harrie.

"Afadhali. Hapo hakuna wa kubisha." Tinus alivaa miwani yake ya kusomea, akaiinua karatasi karibu na taa ya kijani, akaisoma yote, midomo ikicheza. Kisha akaisoma tena. "Mbona mistari imeachana kama meno ya babu yangu?"

Harrie alisikia moyo wake mwenyewe kwenye kidole kilichovunjika.

"Mama yake haoni vizuri," alisema.

Tinus akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake, akairudisha mbele. Akacheka. "'Usisimame barabarani kama mwendawazimu.' Nzuri. Hiyo nimeipenda." Akaikunja mara mbili, akaitia katika bahasha, akatoa ulimi, akalamba gundi kutoka kona hadi kona kama mtu anayelamba krimu, akaibana kwa ngumi. "Hivi ndivyo ninavyopenda, mimi mwenyewe nimeifunga. Kaitie posta kabla ya saa kumi na moja. Na ikifika imefunguliwa, mzee wangu, una vidole vingine viwili mkono huo."

Kisha, kwa kuwa alikuwa amefurahi na bomba lilikuwa karibu, alilichomoa. Taa ya tatu ikaning'inia. Bert akasema samahani. Harrie alihesabu saba. Mimea ilitikisika kidogo kwa upepo wa bomba, haikuvurugika, na Tinus alilirudisha, akajipangusa, akashuka.

"Bado upo?" Harrie alimwuliza Bert.

"Nipo. Anwani andika wewe, kwa wino wowote."

Harrie alishuka jikoni, akatoa kalamu mfukoni aandike anwani ya Riet. Ncha iliyokuwa nje ilikuwa ya kijani.

Aliitazama kwa muda. Kisha akaweka birika juu ya jiko, akawasha gesi. Aliiinua bahasha dirishani, lakini karatasi ilikuwa imekunjwa mara mbili, hakuona kitu. Maji yakaanza kuchemka, mvuke ukatoka mdomoni mwa birika ukiwa mnyoofu, wa kutosha kufungua bahasha yoyote na kuifunga tena bila alama. Angeweza kujua yaliyomo kati ya mistari. Kuna msitu wa misonobari kwenye mchanga nje ya mji, mahali ambapo mwanamke mwenye mikono mikubwa anaweza kufika kwa baiskeli. Huenda palikuwa pametajwa. Jina la Tinus huenda lilikuwamo. Huenda lilikuwamo pia jina la mzee aliyekaa chini akimenya viazi, na redio, na pigo la nne. Na Riet akiisoma angekwenda kwa sajenti mara ya nne, na sajenti angemwambia Tinus wakati wa mazoezi ya bendi. Au asingekwenda kwa mtu. Angekwenda msituni tu.

Kama angeisoma, ingembidi aamue. Harrie alizima gesi. Akaandika anwani kwa wino mweusi, herufi wima, akabandika stempu, akatoka bila koti.

Riet alikuwa mbele ya nyumba yake akipanda viazi kwenye kile kipande kidogo cha udongo chini ya dirisha. Alisimama akaegemea koleo.

"Harrie! Unakwenda wapi na kifua wazi?"

"Posta, jirani."

"Wewe? Una mtu wa kumwandikia wewe?"

"Sina," alisema Harrie. "Napeleka ya mtu."

"Basi kimbia, gari lao huja saa kumi na moja. Na Ijumaa nakuletea mkate, usije ukaniambia umeshiba."

Sanduku la posta lilikuwa kwenye kona, mkabala na duka la rangi. Bendi ilikuwa imepanga viti barabarani ikifanya mazoezi ya Sikukuu ya Mfalme. Sajenti alikuwa na tuba yake, mashavu yamevimba, akamsalimu Harrie kwa nyusi. Tinus alikuwa na ngoma kubwa kifuani. Alimwona Harrie na bahasha, akamkonyeza bila kupoteza mdundo. Mkono wake uliinuka na kushuka sawasawa, bila haraka, kama mkono wa mtu anayeifahamu kazi yake. Harrie alihesabu bila kutaka. Alifika kumi na moja, na ngoma ikaendelea.

Akainua kifuniko cha sanduku kwa kidole kimoja kizima, akaisukuma barua ndani, akaisikia ikiangukia barua za watu wengine.